Jedwali Linalosikika: Somo kwa Kila Anayeandika Orodha, Ratiba au Hesabu za Jumuiya

Ndugu zangu, sisi tuliopita kambini tulianza kusoma majedwali kabla ya kujua kwamba yanaitwa majedwali. Mbao za matangazo za Nyarugusu na Kakuma zilijaa karatasi za aina hiyo: namba ya kadi, idadi ya watu katika familia, siku ya mgao, majina ya walioitwa kwenye mahojiano, tarehe na saa. Tulisukumana mbele ya karatasi. Kidole kilishuka kwenye majina mpaka kikakuta jina letu, kisha kikaenda pembeni kutafuta tarehe. Kushuka na kwenda pembeni, hiyo ndiyo kazi yote ya jedwali.

Asiyeona hakuweza kutumia kidole hicho. Alimtegemea mtoto wake au jirani. Jirani akiruka mstari mmoja tu, mtu anafika kwenye mgao siku isiyo yake, au anakosa mahojiano aliyoyasubiri miaka.

Hapa Toronto karatasi nyingi zimekuwa faili za kompyuta na simu. Hilo lingepaswa kuwa nafuu kwa ndugu zetu wasioona na wenye uoni hafifu, maana kompyuta na simu vinaweza kuwasomea kwa sauti. Lakini kifaa husoma vizuri pale tu mwandishi alipoandika vizuri. Jedwali likiandikwa ovyo, asiyeona anarudi palepale: anamsubiri mtu amsomee hesabu zake, barua zake na hata ratiba ya dawa zake.

Somo hili ni kwa wale wanaoandika: katibu wa chama cha jumuiya, mweka hazina wa michango ya msiba, kiongozi wa kwaya, anayetengeneza ratiba ya Ramadhani msikitini, mwanafunzi wa darasa la kompyuta, na kijana anayempangia mzazi wake ratiba ya miadi. Linawahusu pia wasioona wenyewe na familia zao, kwa sababu kuna haki ambazo wengi hawajui kwamba wanazo. Nimeziweka karibu na mwisho.

Programu ya kusoma skrini ni nini?

Ni programu inayotamka kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kompyuta au simu. Anayeitumia hahitaji kipanya. Kwenye kompyuta anatembea kwa vitufe vya kibodi, na kwenye simu anatembea kwa kupitisha kidole juu ya kioo. Wengine huiunganisha na kifaa cha nukta nundu, wakasoma kwa vidole.

Programu hizi si za kutafuta mbali. Simu ya iPhone ina VoiceOver ndani yake tangu mwaka 2009. Simu nyingi za Android zina TalkBack. Windows ina Narrator. Ipo pia NVDA, ambayo ni ya bure kabisa kwa kompyuta za Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, na baadaye akajiunga naye James Teh, ambaye naye haoni. Walitaka kuondoa kikwazo cha bei, kwa sababu programu za namna hiyo zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa ghali mno. NVDA huja na sauti inayojua kutamka Kiswahili. Inasikika kama roboti, lakini inaeleweka.

Nyumbani Afrika Mashariki nako mambo haya yanasonga. Shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1946, ni kati ya shule ambako wanafunzi wasioona wamefundishwa kompyuta kupitia shirika la inABLE, lililoanza kazi mwaka 2009. Kwa hiyo usishangae ukikutana hapa Toronto na kijana kutoka Nairobi asiyeona ambaye anaijua kompyuta kukuzidi.

Jedwali linasikikaje?

Kwanza tukubaliane maneno manne. Mstari unalala, kutoka kushoto kwenda kulia. Safu inasimama, kutoka juu kwenda chini. Kisanduku ni pale mstari na safu vinapokutana. Kichwa ni lile neno la juu ya safu linalosema safu hiyo inahusu nini.

Sasa fikiria ratiba ya dawa. Ina safu nne: Dawa, Asubuhi, Mchana, Usiku. Dawa ya sukari inamezwa asubuhi kidonge kimoja na usiku kidonge kimoja. Mchana hakuna, kwa hiyo mwandishi ameacha pale patupu. Tena hakutengeneza jedwali la kweli. Amepanga maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka yakanyooka machoni pake.

Ukiitazama ratiba hiyo, utaiona safi. Sasa funga macho, mtu akusomee hivi:

“Dawa, Asubuhi, Mchana, Usiku. Dawa ya presha, moja. Dawa ya sukari, moja, moja.”

Moja na moja za lini? Anayesikia anaweza kudhani ni asubuhi na mchana. Pengo lililoonekana kwa macho halikusikika. Mama mwenye kisukari akimeza kidonge cha usiku wakati wa mchana, kila siku, kwa wiki nzima, kosa limetoka kwenye kitufe cha nafasi. (Kuhusu dawa zenyewe, mfamasia ndiye mwenye neno la mwisho. Muulize kila mara. Jedwali ni ukumbusho tu.)

Mwandishi akitumia jedwali la kweli, lenye vichwa vilivyowekewa alama na visanduku vyote vikiwa vimejazwa, msikilizaji anaweza kutembea ndani yake. Kwenye NVDA anashika Ctrl na Alt pamoja, kisha anabonyeza mshale wa kulia, na anasikia kitu kama hiki:

“Asubuhi, kidonge 1.” Anabonyeza tena: “Mchana, hakuna.” Anabonyeza tena: “Usiku, kidonge 1.”

Kila anapoingia kwenye safu mpya, programu inamtajia kichwa cha safu hiyo. Akibonyeza mshale wa chini, anashuka safu hiyohiyo na kusikia dawa zote za usiku. Kidole kile cha kambini sasa anacho mwenyewe.

Kanuni nane za jedwali zuri

Moja: tengeneza jedwali la kweli. Tumia sehemu ya programu iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kupanga maneno kwa kitufe cha nafasi au cha Tab ni mchoro wa macho tu, na programu ya kusoma itausoma kama sentensi moja ndefu.

Mbili: mstari wa kwanza uwe wa vichwa, na uuwekee alama. Kuukoleza wino au kuupaka rangi hakutoshi. Programu haijui kwamba wino mzito maana yake ni kichwa mpaka uiambie. Nitaonyesha chini namna ya kuiambia.

Tatu: kisanduku kimoja, jambo moja. Hili ni kosa ninaloliona sana kwenye hesabu za jumuiya. Mwandishi anaandika majina yote ishirini ndani ya kisanduku kimoja kwa kubonyeza Enter baada ya kila jina, kisha anaandika kiasi chote ndani ya kisanduku cha pili. Machoni kila jina limekaa sawa na fedha yake. Masikioni yanasikika majina ishirini mfululizo, halafu kiasi ishirini mfululizo. Hakuna anayeweza kujua fedha ipi ni ya nani. Kila familia ipewe mstari wake.

Nne: usiunganishe wala kugawanya visanduku. Tunapenda kuunganisha visanduku vitatu ili kuandika “WIKI YA KWANZA” katikati kwa herufi kubwa. Programu nyingi hupotea pale katika kuhesabu safu, na msikilizaji anapotea nayo. Ongeza safu inayoitwa Wiki, au tengeneza majedwali mawili mafupi, kila moja na kichwa chake cha habari juu yake.

Tano: usiache kisanduku kitupu. Andika “hakuna”, “bado” au “0”. Msikilizaji akikuta patupu hajui kama hakuna kitu, kama mwandishi alisahau, au kama jedwali limeishia hapo.

Sita: rangi na alama zisibebe habari peke yake. Mweka hazina anapaka rangi nyekundu kwa wanaodaiwa na kijani kwa waliomaliza. Programu kwa kawaida haitaji rangi. Hata anayeona anaweza kuwa na macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani, na hao si wachache, hasa miongoni mwa wanaume. Ongeza safu ya Hali, uandike “amemaliza” au “anadaiwa”. Vivyo hivyo, mahali pa alama ya tiki andika “ndiyo”.

Saba: andika saa na tarehe zisizo na utata. Hapa sisi Waswahili tuna shida yetu wenyewe. “Saa 2” kwa bibi ni asubuhi mapema, na kwa mjukuu aliyezaliwa Toronto ni mchana. Anayeona anaweza kubahatisha kwa kuangalia ratiba nzima, lakini anayesikia anapata neno moja moja. Andika “saa 2 asubuhi, yaani 8:00 a.m.” Na “03/04” ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Hapa Kanada utakuta zote mbili. Andika jina la mwezi.

Nane: eleza jedwali kabla halijaanza. Sentensi moja inatosha: “Jedwali lifuatalo lina safu nne na mistari sita. Linaonyesha ahadi, kiasi kilichotolewa na kiasi kilichobaki kwa kila familia.” Anayeona hupata picha hiyo kwa mtazamo mmoja. Anayesikia anaihitaji kwa maneno ili aamue kama anaingia ndani au anaendelea mbele.

Hatua kwenye Word

Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyoonekana kwenye kompyuta za hapa, ili uyatambue.

1. Fungua Insert, kisha Table. Chagua idadi ya safu na mistari.

2. Andika vichwa kwenye mstari wa kwanza. Viwe vifupi na vinavyoeleweka: “Ametoa” ni bora kuliko “Jumla ya fedha ambazo familia imekwisha kuzitoa hadi leo”, kwa sababu msikilizaji atasikia kichwa hicho mara nyingi.

3. Bofya ndani ya jedwali. Juu itatokea sehemu ya Table Design. Hakikisha pameweka alama ya tiki kwenye Header Row. Kama safu ya kwanza ni ya majina, weka tiki pia kwenye First Column.

4. Weka kasa ya kuandikia kwenye mstari wa kwanza, kisha nenda kwenye Layout iliyo pembeni ya Table Design, ubofye Repeat Header Rows. Kitufe hiki kina faida mbili. Jedwali likiingia ukurasa wa pili, vichwa vinajirudia kwa wanaoona. Na Word inapata kujua kwamba huo ni mstari wa vichwa.

5. Kama maandishi ni ya Kiswahili, iambie Word hivyo. Chagua maandishi yote, fungua Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, uchague Kiswahili. Wengi hawajui hatua hii. Bila hiyo, sauti ya Kiingereza itajaribu kusoma “jina” na “ametoa” kwa matamshi ya Kiingereza, na mzee wako hataelewa hata neno moja.

6. Jaribu mwendo. Weka kasa kwenye kisanduku cha kwanza, ubonyeze Tab mara nyingi. Fuatilia kinapokwenda. Njia hiyo ndiyo atakayoipita msikilizaji. Kikiruka ruka, kuna kisanduku kilichounganishwa mahali.

7. Fungua Review, ubofye Check Accessibility. Word yenyewe itakuonyesha makosa kama vichwa vilivyokosekana na visanduku vilivyounganishwa. Haitakuambia kama vichwa vyako vina maana. Hilo ni lako.

Kwa wanaotumia Google Docs: tengeneza jedwali kwa Insert, kisha Table. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya mstari wa kwanza, uchague Pin header up to this row.

Kwa wanaotumia Excel: anza jedwali kwenye kisanduku cha A1 kabisa, juu kushoto, usiache mistari mitupu kwa ajili ya urembo. Chagua data yako, bonyeza Ctrl na T, na weka tiki kwenye My table has headers. Karatasi kila moja ipe jina lake pale chini. “Michango Mei” ni bora kuliko “Sheet1”.

Ukitaka PDF, usipitie njia ya kuchapisha, yaani Print na kuchagua Microsoft Print to PDF. Njia hiyo hutoa picha nzuri ya karatasi lakini inatupa alama zote za vichwa ulizohangaika kuziweka. Tumia Save As, chagua PDF, fungua Options, na hakikisha pana tiki kwenye Document structure tags for accessibility.

Tatizo la picha za WhatsApp

Tuseme ukweli: majedwali mengi ya jumuiya yetu hayapo kwenye Word. Yapo kwenye daftari la mweka hazina, yanapigwa picha, na picha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa programu ya kusoma skrini, picha ni picha. Mwanachama asiyeona atasikia “picha” na pengine jina la aliyetuma, basi. Simu za siku hizi hujaribu kusoma maneno yaliyo ndani ya picha, lakini mwandiko wa mkono kwenye daftari la mistari ni kazi ngumu kwao, na tarakimu moja ikisomwa vibaya ugomvi wa fedha umezaliwa.

Hili ni jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la kompyuta. Mzee aliyetoa dola 60 kwa ajili ya msiba ana haki ya kujisomea kwamba dola 60 zake zimeandikwa. Akilazimika kumwomba mtoto wa jirani amsomee, basi jirani naye amejua ni nani ameahidi na hajatoa. Wengine kwa sababu hiyo huacha kuuliza kabisa, wakabaki wanachama wa kutoa tu, wasiojua fedha imekwenda wapi.

WhatsApp haina majedwali, na wala hayahitajiki. Andika kila familia kwa sentensi yake, ukirudia vichwa ndani ya sentensi: “Familia ya kwanza: ahadi dola 100, ametoa dola 60, bado dola 40.” Inachosha kidogo kuandika, lakini kila mstari unajitegemea na hauhitaji jicho. Picha ya daftari unaweza kuituma pia kwa wanaoona.

Kanuni hii ina maana pana zaidi: kabla ya kutengeneza jedwali, jiulize kama linahitajika. Kama una safu mbili tu, kwa mfano jina na namba ya simu, orodha ya kawaida inasikika vizuri kuliko jedwali. Jedwali lina maana pale msomaji anapotaka kulinganisha vitu vingi kwa pande mbili.

Jisikilize mwenyewe

Njia bora ya kujua kama jedwali lako linasikika ni kulisikiliza. Pakua NVDA kwenye kompyuta ya Windows, au washa VoiceOver kwenye iPhone kwa kupitia Settings, Accessibility, VoiceOver. Onyo moja: VoiceOver ikiwaka, simu inabadilika tabia. Kugusa mara moja kunataja kitu bila kukifungua. Kukifungua ni kugusa mara mbili haraka. Ili kuizima, mwambie Siri “Turn off VoiceOver”. Soma onyo hili kabla ya kujaribu, vinginevyo utadhani simu imeharibika.

Kisha funga macho na ujipe swali moja lenye jibu ndani ya jedwali. Kwa mfano: “Familia ya tatu imebakiza kiasi gani?” Kama umelipata jibu bila kufungua macho, kazi yako ni nzuri. Kama umefungua macho, rudi kwenye kanuni nane.

Haki zako hapa Ontario

Ontario ina sheria ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 2005. Watu wa maofisini huiita AODA. Lengo lililoandikwa ndani yake lilikuwa kuondoa vizuizi ifikapo tarehe 1 Januari 2025. Tarehe hiyo imepita na vizuizi vingi bado vipo, lakini sheria ipo na unaweza kuitumia.

Jambo la kwanza: ukiomba habari kwa namna unayoweza kuisoma, ofisi au kampuni inayofuata kanuni hizo inapaswa kukupatia, au kupanga upatiwe, kwa wakati unaofaa, bila kukutoza zaidi ya wanavyotozwa wengine. Inapaswa pia kuzungumza nawe kuhusu namna inayokufaa. Huhitaji kugombana. Sema au andika sentensi hizi kwa Kiingereza: “I use a screen reader. Please send me this document in an accessible format.” Zihifadhi kwenye simu. Zinafaa kwa ripoti ya shule ya mtoto, taarifa ya mwenye nyumba mkubwa wa maghorofa, au ratiba kutoka kliniki.

Jambo la pili: tovuti za mashirika ya umma, na za makampuni na mashirika yenye wafanyakazi 50 au zaidi, zilipaswa kufikia kiwango cha kimataifa kiitwacho WCAG 2.0, ngazi ya AA, ifikapo tarehe 1 Januari 2021. Kiwango hicho kinataka uhusiano unaoonekana kwa macho, kama ule wa kichwa na safu yake, uwe umeandikwa pia kwa namna ambayo programu inaweza kuutambua. Kwa maneno mengine, yale tuliyojifunza leo kwa ajili ya michango ya msiba ndiyo wanayodaiwa na wakubwa.

Jambo la tatu: benki, mashirika ya ndege na ofisi za serikali kuu, ikiwemo idara ya uhamiaji, zipo chini ya sheria nyingine, ile ya Kanada nzima ya mwaka 2019. Lengo lake ni nchi isiyo na vizuizi ifikapo mwaka 2040. Hapo pia unaweza kuomba nyaraka kwa namna unayoweza kuisoma.

Na kwa wanaotafuta kazi: sheria ya Ontario inataka wafanyakazi na wanaojitolea wafundishwe kuhusu ufikivu. Ukianza kazi, hata ya kujitolea kwenye benki ya chakula, huenda ukapewa mafunzo hayo. Anayejua kutengeneza waraka unaosomeka na wote ana kitu halisi cha kuandika kwenye wasifu wake wa kazi, na kwenye mahojiano anaweza kueleza alivyofanya na kwa nini. Waombaji wengi hawana hilo.

Msaada Toronto

Taasisi kubwa ya wasioona hapa ni CNIB, yenye makao makuu Toronto. Ilianzishwa mwaka 1918, wakati askari walikuwa wakirudi vitani bila macho, na miezi michache baada ya mlipuko mkubwa wa meli bandarini Halifax, ambao vioo vya madirisha vilivyopasuka viliwapofusha watu wengi kwa siku moja. Ina mafunzo ya teknolojia, na ina mpango wa kukusanya simu zilizotumika, kuzisafisha na kuwapa wasioona.

Serikali ya Ontario ina mpango wa vifaa saidizi unaoitwa ADP. Kwa mwenye kadi halali ya OHIP anayetimiza masharti, mpango huo hulipa sehemu kubwa ya gharama, kwa kawaida asilimia 75 ya bei ya kifaa kilichoidhinishwa. Wanaopokea msaada wa Ontario Works au ODSP wanaweza kupata zaidi. Usinunue kifaa kwanza ukidhani utarudishiwa fedha baadaye. Anza na maombi.

Kama macho yanasumbua na hujapimwa, nenda upimwe. Wengi wetu tumetoka maeneo yenye trakoma na usubi, na wapo wazee wanaoishi na mtoto wa jicho wakidhani ni uzee tu wakati unatibika kwa upasuaji. Ukikwama na fomu au mkalimani, tupigie simu ofisini.

Zoezi la mwezi huu

Chukua jedwali moja tu ambalo jumuiya yako hulitumia sana: michango, zamu za usafi wa kanisa, ratiba ya futari, au orodha ya wanaopeana lifti kwenda kazini. Liandike upya kwa kufuata kanuni nane. Kisha mtafute mwanachama asiyeona au mwenye uoni hafifu, umtumie, na umuulize swali moja: “Umepata nini kigumu hapa?” Jibu lake litakufundisha kuliko somo hili lote.

Mkitaka tulifanye zoezi hili pamoja, leteni kompyuta au simu zenu ofisini siku ya huduma ya familia. Aje na mweka hazina, na daftari lake.